Je, damu ilifika kwenye hatamu za farasi? Kutekwa kwa Yerusalemu mwaka 1099

Swali la msomaji: "Ninafundisha historia sekondari. Darasa langu lina Waislamu na Wakristo karibu nusu kwa nusu. Tulipofika kwenye Vita vya Msalaba, mwanafunzi mmoja alisema Wakristo walipouteka Yerusalemu waliua Waislamu 70,000 na damu ikafika magotini mwa farasi. Mwenzake akamjibu kuwa huo ni uzushi mtupu. Wa tatu akaongeza kwamba Salahuddin alipourudisha mji hakumdhuru mtu hata mmoja. Ilibaki kidogo wagombane, nami nikajikuta sina la kuwaambia. Ukweli ni upi? Na mji wenye ngome vile uliangukaje ndani ya wiki tano?"

Mwalimu, asante kwa kuuliza, na hongera kwa kukubali mbele ya darasa kwamba hukuwa na jibu. Nianze na jibu lenyewe, halafu nikueleze linatoka wapi. Mauaji yalitokea, na yalikuwa makubwa hata kwa desturi za vita za zama zile. Idadi ya 70,000 haiwezekani. Damu ya kufika magotini haiwezekani pia, na aliyeyaandika maneno hayo hakuwa anapima kina cha damu. Alikuwa anakariri Biblia. Ama Salahuddin, ni kweli hakuwachinja watu wa mji alipouchukua mwaka 1187, lakini maelfu walitoka katika mji ule wakiwa watumwa.

Kwanza, mji ulikuwa wa nani? Wanafunzi wetu huwaza Waislamu upande huu na Wakristo upande ule, kama timu mbili uwanjani. Haikuwa hivyo. Sultani Malik Shah wa Waseljuki, watawala wa Kituruki, alifariki mwaka 1092, na jamaa zake wakaanza kugombania urithi. Mwaka 1094 akafariki Al-Mustansir, khalifa wa Wafatimiya wa Misri, na huko nako ikazuka fitina ya mrithi. Waseljuki walikuwa Masunni, Wafatimiya walikuwa Mashia wa Ismailia, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye adui hasa. Wanamsalaba, yaani wapiganaji Wakristo kutoka Ulaya ambao Waarabu waliwaita Faranji, walipokuwa wameuzingira mji wa Antiokia mapema mwaka 1098, wajumbe wa Misri walikwenda kambini kwao kuzungumza nao. Misri ilidhani inaweza kupatana na wageni hawa dhidi ya Waturuki. Na katika kiangazi cha mwaka huohuo, Al-Afdal, waziri aliyekuwa mtawala halisi wa Misri, aliuzingira Yerusalemu kwa siku zipatazo 40, akaupiga kwa mitambo ya kurushia mawe, akawaondoa Waturuki.

Kwa hiyo Faranji walipotokeza mbele ya kuta tarehe 7 Juni 1099, wenyeji walikuwa wamekwisha kuonja kuzingirwa mwaka uliotangulia tu, na waliowazingira walikuwa Waislamu wenzao. Liwali wa mji, Iftikhar al-Dawla, alikuwa mtu wa Al-Afdal. Alijiandaa vizuri. Visima vya nje ya mji viliharibiwa, mifugo ikaondolewa, na Wakristo wengi wenyeji wakatolewa nje ya kuta wasije wakamfungulia adui lango. Wayahudi walibaki ndani. Mpango wake ulikuwa kukaa kimya nyuma ya ngome mpaka jeshi la Misri lije. Haukuwa mpango mbaya. Jeshi lile lilikuja kweli, ila lilichelewa kwa wiki chache.

Sasa kuhusu swali lako la wiki tano. Kilichowatesa Faranji kuliko kuta ni vitu viwili: maji na mbao.

Padri Raymond wa Aguilers, aliyekuwa anamhudumia Raymond, mtawala wa Toulouse, alikuwepo na ameacha maandishi. Anawahesabu watu 12,000 wenye uwezo wa kupigana, na kati yao wapanda farasi 1,200 au 1,300. Watu hao hawakutosha kuuzunguka mji wote, kwa hiyo walikusanyika kaskazini na kusini. Ilikuwa Juni, katika milima ya Yudea ambako mvua ya kiangazi haipo. Chemchemi iliyokuwa karibu ilikuwa ya Siloamu, chini ya ukuta wa kusini, mahali ambapo mshale wa askari wa ukutani unafika. Na maji yake hayatoki mfululizo. Hutoka kwa kipindi, yakakatika, yakatoka tena. Yalipotoka watu walikanyagana na wanyama wao, wengine wakatumbukia bwawani, na mizoga ikaelea katika maji yaleyale yaliyogombaniwa. Padri anawaeleza wagonjwa waliolala kando ya bwawa, ndimi zimekauka hata hawawezi kusema, wamefumbua vinywa na kunyoosha mikono kwa wale waliobahatika kuchota.

Wengine walishona viriba vya ngozi mbichi za ng'ombe na nyati, wakaenda kuchota mbali maili sita. Fikiria, mwalimu, maji ya jua kali ndani ya ngozi ambayo haijakaushwa. Mwandishi mwingine aliyekuwa kambini anasema chakula chao kilikuwa mkate wa shayiri na maji yanayonuka. Na wako waliokunywa maji yenye ruba, wakawameza ruba hao pamoja na maji. Watu wa namna hiyo wasingeweza kukaa pale miezi minane kama walivyokaa Antiokia. Ama wauteke mji haraka, au wafe nje yake.

Tarehe 13 Juni walijaribu kupanda ukuta wakiwa na ngazi moja tu. Walirudishwa. Ngazi moja kwa jeshi zima! Nchi ile haikuwa na misitu ya kukatia magogo. Hapa kuna kisa kinachosimuliwa na Ralph wa Caen, aliyekuja kumtumikia Tancred, mmoja wa makamanda wale. Tancred alikuwa anaendesha tumbo vibaya, na kila mara ilimbidi ajitenge na wenzake. Katika kutafuta faragha akaingia pangoni, na humo akakuta mbao zimefichwa, zilizosalia kwenye kazi ya Wamisri walipouzingira mji mwaka uliotangulia. Ralph alimpenda sana bwana wake, kwa hiyo nakisoma kisa hiki kwa tahadhari, ingawa si aina ya kisa ambacho mtu angemtungia bwana wake ili kumtukuza.

Jambo lisilo na shaka ni la meli. Tarehe 17 Juni meli chache, baadhi yake za Genoa, zilitia nanga Yafa. Meli za kivita za Misri zikazifungia bandarini. Mabaharia walipoona hawana njia ya kutokea baharini, walishusha kila kitu chenye manufaa, kamba, misumari, nyundo na mashoka, wakakipandisha Yerusalemu. Pamoja na vitu hivyo walipanda mafundi. Fundi wa meli anajua kuunga mbao ziwe kitu kikubwa kisichovunjika, na hiyo ndiyo elimu iliyokosekana kambini. Magogo yakaletwa kwa ngamia kutoka vilima vya upande wa Nablus. Ikaanza kazi ya kujenga minara miwili ya magurudumu, mmoja kwa ajili ya kamanda Godfrey wa Bouillon upande wa kaskazini, mwingine kwa ajili ya Raymond wa Toulouse upande wa kusini, penye Mlima Sayuni.

Upande wa Raymond kulikuwa na bonde mbele ya ukuta, na mnara hauwezi kuvuka bonde. Raymond akatangaza malipo: yeyote atakayetupa mawe matatu bondeni atapewa sarafu moja ya fedha. Kazi ilikwenda siku tatu mchana na usiku. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasiliruke jambo hili dogo. Tunawaita watu hawa mahujaji waliojaa wazimu wa dini, na dini walikuwa nayo kweli, lakini bonde lile lilijazwa kwa vibarua.

Na dini yao ilionekana tarehe 8 Julai. Padri mmoja alidai kuwa askofu Adhemar, kiongozi wao wa kiroho aliyefariki Antiokia mwaka uliotangulia, amemtokea na kuagiza toba. Wakafunga. Kisha jeshi zima, miguu mitupu, likauzunguka mji kwa maandamano, mapadri wamebeba misalaba na masalia ya watakatifu, mpaka Mlima wa Mizeituni. Walinzi juu ya ukuta waliwadhihaki. Wiki moja baadaye watu walewale wenye miguu mitupu walikuwa ndani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Julai Godfrey alifanya jambo lililoamua vita. Walinzi walikuwa wameuona mnara wake ukijengwa na wakapaimarisha mahali uliposimama. Gizani watu wake wakaufungua mnara kipande kwa kipande, wakaubeba karibu maili moja kuelekea mashariki, wakaujenga upya mbele ya sehemu ya ukuta wa kaskazini isiyoandaliwa. Kulipokucha walinzi waliona mnara umehama.

Upande huo kulikuwa na kuta mbili, ya nje fupi na ya ndani ndefu. Gogo kubwa la kubomolea liliutoboa ukuta wa nje, likakwama palepale, likaziba tundu lake lenyewe. Mnara nyuma yake haukuweza kupita. Ikawa kinyume cha mambo: Faranji wakalitia moto gogo lao ili kufungua njia, na walinzi waliokuwa wakijitahidi kulichoma wakaanza kulimwagia maji ili libaki pale pale. Gogo likaungua. Mnara ukasogea.

Ijumaa, tarehe 15 Julai 1099, mwezi wa Shaabani mwaka 492 Hijria, mnara uliufikia ukuta wa ndani. Walinzi walikuwa wametundika magunia ya majani makavu ili kupunguza nguvu ya mawe. Magunia yakashika moto, moshi ukawarudia wenyewe, wakalazimika kuachia nafasi. Watu wa Godfrey wakalaza magogo kama daraja kati ya mnara na ukuta. Wa kwanza kuvuka wanatajwa kuwa ndugu wawili kutoka Tournai, Letold na Engelbert. Kwa upande wa kusini mnara wa Raymond ulikuwa umeharibiwa kwa moto na mawe, na watu wake walikuwa karibu kukata tamaa, mara wakawaona walinzi wa mbele yao wanakimbia. Mji ulikuwa umeingiliwa kutoka nyuma.

Basi tufike kwenye mauaji, mwalimu, na hapa nakuomba uende taratibu na wanafunzi wako, maana hayakuwa tukio moja. Yalikuwa angalau matatu.

La kwanza ni la siku yenyewe. Waliokimbia walielekea uwanja mkubwa wa msikiti, Haram al-Sharif, penye Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba, wakafuatwa na kuuawa humo. Mwandishi Ibn al-Qalanisi wa Dameski anasimulia kuwa Wayahudi walikusanyika katika sinagogi lao, na Faranji wakalichoma likiwa na watu ndani. Iftikhar al-Dawla, yeye alijifungia katika Mnara wa Daudi, upande wa magharibi, akapatana na Raymond wa Toulouse. Alitoa mnara na hazina, akapewa usalama, akasindikizwa na askari wake mpaka Ashkeloni, mji wa pwani. Ahadi hiyo iliheshimiwa. Kila ninapofika hapa naumia, kwa sababu aliyekuwa na ngome na hazina mkononi alitoka salama, na muuza nafaka hakuwa na cha kupatana nacho.

La pili ni la asubuhi ya pili. Watu mia kadhaa walikuwa wamepanda juu ya paa la Al-Aqsa. Tancred na mwenzake Gaston wa Béarn waliwapa bendera zao kama alama ya ulinzi, yaani hawa ni mateka wetu, msiwaguse. Kulipopambazuka Faranji wengine walipanda paani wakawaua wote, wanaume kwa wanawake. Wengine walijirusha chini. Tancred alikasirika sana. Kwamba alikasirika kwa huruma au kwa kunyang'anywa mateka wa kuwauza, sijui nani anaweza kusema, lakini bendera yake ilidharauliwa mbele ya jeshi zima.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Albert wa Aachen, ambaye hakuwepo ila alikusanya simulizi za waliorudi Ulaya, anaandika kwamba siku ya tatu viongozi walifanya baraza. Jeshi la Misri lilikuwa njiani. Wakahofu kwamba mateka walio hai watainuka na kuwashambulia kutoka ndani. Wakaamua wauawe, hata wale waliokwisha kukubaliwa kujikomboa kwa fidia. Hilo halikufanywa kwa hamaki ya kupanda ukuta baada ya wiki tano za kiu. Lilifanywa na watu waliokwisha kulala, kula na kufikiri.

Utasikia hoja kwamba hiyo ndiyo ilikuwa desturi: mji ukikataa kusalimu amri, ukachukuliwa kwa nguvu, roho na mali za watu wake ni za mshindi. Desturi hiyo ilikuwepo kweli, kwa Wakristo na kwa Waislamu. Inaeleza kwa kiasi fulani siku ya kwanza. Haielezi bendera za paani wala baraza la siku ya tatu.

Baada ya hapo Waislamu waliosalia walilazimishwa kuwakokota wafu nje ya malango na kuwapanga marundo marefu kama nyumba ili wachomwe. Nyumba za mji zikagawanywa kwa desturi rahisi: anayeingia wa kwanza ndiye mwenyewe, awe tajiri au maskini. Padri Fulcher wa Chartres, aliyefika kwa mara ya kwanza Desemba mwaka uleule kwa ajili ya Krismasi, anasema harufu ya maiti ilikuwa bado imetanda nje ya kuta, ikabidi wazibe pua na midomo. Hiyo ni miezi mitano baadaye. Ushahidi huo mmoja unanitosha kuliko tarakimu zote.

Lakini umeuliza tarakimu. Ile 70,000 inatoka kwa Ibn al-Athir, mwanahistoria mkubwa aliyezaliwa mwaka 1160 na kufariki 1233. Alikuwa anaandika zaidi ya miaka mia moja baada ya tukio, wakati ambapo simulizi ilikuwa imeshakua. Chukua eneo. Mji ndani ya kuta ulikuwa na takriban kilomita moja ya mraba, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sehemu yake ilikuwa uwanja wa Haram, na Wakristo wengi walikuwa wametolewa. Watu 70,000 wasingeenea, achilia mbali kuuawa katika msikiti mmoja.

Kwa upande wa Faranji, Fulcher anataja karibu 10,000, lakini naye, kama nilivyosema, hakuwepo siku hiyo. Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni wa Abu Bakr ibn al-Arabi, mwanazuoni wa Sevilla huko Andalusia. Yeye alikuwa amesoma Yerusalemu katika miaka ya 1090, aliijua misikiti na walimu wake, na bado alikuwa katika nchi za mashariki habari zilipokuwa mbichi. Anasema waliouawa ni 3,000, wanaume na wanawake, wakiwemo wachamungu na wanazuoni. Mtu aliyefiwa na walimu wake hana sababu ya kupunguza idadi. Ukimwambia mwanafunzi wako "maelfu, na yumkini 3,000 au zaidi ya hapo", utakuwa umesimama mahali imara.

Na damu je? Aliyeandika ni yuleyule padri Raymond wa Aguilers. Anasema kwamba katika Hekalu la Sulemani, yaani Al-Aqsa kwa lugha yao, watu walipita na farasi katika damu iliyofika magotini na kwenye hatamu. Fungua Ufunuo wa Yohana, sura ya 14, aya ya 20. Utakuta shinikizo la ghadhabu ya Mungu linakanyagwa nje ya mji, na damu inatoka mpaka kwenye hatamu za farasi. Kila padri aliyemsoma Raymond aliyatambua maneno hayo papo hapo. Alikuwa anawaambia kwamba siku ya hukumu ya Mungu imetimia, na sisi ndio tuliokuwa mkono wake. Mwenzake mmoja asiyejulikana kwa jina, aliyekuwa vitani siku hiyohiyo, aliandika kwamba damu ilifika kwenye vifundo vya miguu, na hata hiyo ni lugha ya kutisha kuliko kipimo. Ona basi jambo la ajabu: picha ambayo leo tunaitumia kuwashtaki Wanamsalaba waliichora wao wenyewe, nao waliichora kwa fahari. Anayesema "ni uzushi wa Waislamu" amekosea kabisa, kwa sababu imetoka kwenye kalamu ya padri. Anayeisoma kama taarifa ya daktari naye amekosea.

Kuhusu Salahuddin nitasema kwa ufupi. Aliuzingira mji Septemba 1187, baada ya kulivunja jeshi la Faranji huko Hattin tarehe 4 Julai. Mwanzoni alikusudia kuuchukua kwa upanga, kama wao walivyouchukua. Balian wa Ibelin, aliyekuwa anaulinda, alimtisha kwamba watawaua mateka wa Kiislamu waliomo na kubomoa Kuba ya Mwamba kabla ya kufa. Wakapatana. Mji ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, siku ya 27 ya Rajab, ambayo Waislamu huiadhimisha kama siku ya Miraji. Fidia ilikuwa dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Maelfu ya maskini walilipiwa kwa mkupuo, na Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, aliomba apewe watu 1,000 akawaacha huru. Hata hivyo katibu wa Salahuddin mwenyewe, Imad al-Din, ameandika kwamba watu wapatao 15,000 walibaki bila fidia wakachukuliwa utumwani. Tofauti na mwaka 1099 ni kubwa na ni ya kweli, na Salahuddin anastahili sifa yake. Ila mwanafunzi wa tatu ajue pia hao 15,000.

Mwisho, umeomba cha kuwaambia wanafunzi. Mimi ningewapa barua.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika sinagogi la kale la Fustat, Kairo, ilijulikana stoo iliyojaa karatasi kuukuu ambazo Wayahudi hawakutaka kuzitupa kwa sababu zingeweza kuwa na jina la Mungu. Humo imo barua iliyoandikwa mwaka 1100, muda mfupi tu baada ya tukio, na wazee wa Kiyahudi wa Ashkeloni kwenda kwa ndugu zao wa Misri. Haikuandikwa kwa ajili ya historia. Ni barua ya hesabu: wazee wanaeleza fedha walizopewa zimekwenda wapi na kwa nini wanahitaji nyingine.

Humo tunajifunza kwamba si wote waliuawa. Wako waliotoka pamoja na liwali. Wako waliotoroka. Wako waliotekwa, na wazee wanawakomboa mmoja mmoja. Bei ya kawaida ya mateka watatu, wanasema, ni dinari 100. Wamekomboa na vitabu pia, na wanavitaja kwa idadi: misahafu 230 ya Maandiko, vitabu vingine 100, na magombo 8 ya Torati. Askari wa Faranji walijua kwamba kitabu kina mwenyewe atakayekililia, wakaviuza. Wazee wanamshukuru Mungu kwamba hawajasikia wanawake kunajisiwa na Faranji kama wengine wafanyavyo. Wanaeleza waliofika Ashkeloni wakiwa wagonjwa, na waliofia huko kwa maradhi baada ya kukombolewa. Wanaeleza gharama ya kuwasafirisha waliosalia mpaka Misri.

Waambie wanafunzi wagawanye dinari 100 kwa watu watatu, waone inapatikana bei gani ya mtu. Kisha wasomee habari za mateka ambao mpaka barua inaandikwa walikuwa bado hawajakombolewa. Miongoni mwao anatajwa mtoto wa kiume wa umri wa kama miaka minane. Mmoja wa mateka hao Faranji walikuwa wakimbembeleza abadili dini kwa hiari yake, wakimwahidi kumtunza vizuri. Mateka huyo alikuwa anakataa, na wazee walikuwa bado wanatafuta fedha.